Nyumba ya jiko isiombwe karatasi ya ghorofa, lakini waya wake ukaguliwe

Swali moja linarudi kila mara katika ujumbe mnaotutumia redioni: mtu wa kijijini akitaka kujenga nyumba ya jiko, depo ya viazi ao chumba kidogo nyuma ya nyumba kubwa, anapaswa kuomba ruhusa ya kujenga? Na akivuta kuran mpaka kule nyuma, hiyo nayo inaombewa karatasi?

Lingekuwa swali dogo kama vyumba hivyo vingebaki na kazi yao ya zamani. Lakini tangu Kanyabayonga ianguke mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa sita 2024, na familia nyingi kushika njia ya Lubero na Butembo na godoro, sufuria na watoto mgongoni, nyumba ya jiko imekuwa nyumba ya watu. Wahami wengi wa jimbo letu hawako kambini. Wako kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mtu wa kanisa moja nao, ao kwa mtu ambaye hawakumjua kabla. Mwenye parsele ametoa mbuzi, amefagia, ametandika turubai, na amevuta waya mmoja kutoka nyumba kubwa ili watoto wasile gizani. Ametenda mema. Kisha matata yanaanza. Upande mmoja anakuja mtu na daftari kuuliza ruhusa iko wapi. Upande mwingine waya unapita juu ya manjanja na hakuna mtu hata mmoja anayeuliza.

Maoni yangu niyaseme mapema. Tumegeuza mambo. Tunaomba karatasi pale ambapo haina faida kubwa, na tunafumba macho pale ambapo mtu anaweza kufa.

Sheria inasema nini

Tuanze na sheria, sababu watu wengi wanatajiwa sheria bila kuonyeshwa. Ruhusa ya kujenga si jambo la jana katika nchi yetu. Kuna amri ya 20 Juni 1957 juu ya mipango miji, ya wakati wa Wabelgiji, inayotajwa mpaka leo. Kuna pia uamuzi wa waziri wa 26 Juni 2013 unaopanga namna ruhusa ya kujenga inavyotolewa. Kwa hiyo anayesema kwamba ruhusa iko katika sheria hasemi uongo. Mtu anayejenga nyumba ya matofali na simenti mjini Butembo, ya ghorofa ao ya kupangisha, ajue kwamba kazi yake inaanzia ofisi ya urbanisme, ndipo amwite fundi.

Lakini tuangalie jina lenyewe: mipango miji. Walioandika mambo haya walikuwa wanatazama barabara zilizopimwa na parsele zenye namba. Faili ya ruhusa inaomba plani ya nyumba na hati ya udongo. Sasa mzee wa kijiji kule Bamate ao Batangi ataleta hati gani?

Hapo ndipo fundo lilipo. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali. Juu ya udongo ambao wakaaji wa vijijini wanaukalia kwa desturi, kifungu cha 389 kilisema haki zao zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Miongo ilipita bila amri hiyo kutoka. Matokeo yake tunayaona: watu wengi wanaishi juu ya udongo wa babu zao kwa sababu mwami, chefu wa kijiji na majirani wanawatambua, lakini sertifika ya cadastre hawana. Serikali haikuwapa njia rahisi ya kupata karatasi ya kwanza. Itawezaje kuwaadhibu kwa kukosa ya pili?

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba banda lako la miti na udongo, mita 3 kwa 4, linahitaji faili sawasawa na nyumba ya ghorofa ya mjini, muulize kwa heshima: ni kifungu gani, kimeandikwa wapi, na malipo yanaingia katika kasa gani? Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 174, inasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Anayepokea feza kwa jina la serikali atoe risiti ya serikali. Bila risiti, haujanunua ruhusa. Umenunua usingizi wa wiki moja, na wiki ijayo atakuja mwingine na daftari lake.

Mzigo unamwangukia mhami

Kuna jambo ambalo wanaotafuta mapato hawalitazami. Mwenye parsele akibanwa juu ya chumba cha nyuma, ana njia tatu: kulipa, kubomoa, ao kuwaambia wageni watoke ili chumba kirudi kuwa depo na maneno yaishe. Mara nyingi ile ya tatu ndiyo nyepesi kwake. Hao watu hawamlipi kitu. Amekwisha kugawana nao muhogo, maji na choo. Ukimwongezea malipo yasiyo na risiti, unamvunja moyo, na familia moja inarudi barabarani.

Ndiyo maana ninasema ruhusa ya banda la kijijini haiwezi kuzungumzwa kama karatasi tupu. Kila unapomtisha aliyepokea watu, unampunguzia mhami mlango mmoja. Aliyekimbia risasi asikimbizwe tena na daftari.

Hata hivyo sisemi kila mtu ajenge popote. Tarehe 4 Mei 2023, mvua na mito vilibeba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Watu zaidi ya 400 walikufa. Maji hayakuuliza nani ana ruhusa na nani hana. Chefu wa kijiji anayekuja kusema hapa mto hupita wakati wa mvua kubwa, ao mteremko huu unateleza, sogeza nyumba yako, huyo anafanya kazi ya kweli na tumsikilize. Swali hilo la mahali lina faida kuliko mihuri mitano, na halihitaji feza.

Waya hauna huruma

Sasa tuje kwenye kuran, sababu hapa ndipo woga wangu ulipo.

Wakongomani hatujasahau soko la Matadi-Kibala, kule Kinshasa. Tarehe 2 Februari 2022, asubuhi ya mvua, waya wa kuran kubwa ulikatika ukaangukia sokoni. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama waliokuja kuuza na kununua. Ule ulikuwa waya mkubwa wa barabarani. Waya wa nyumbani ni volti 220 tu, na kwa sababu ya ile "tu" tunauchezea. Lakini volti 220 na ardhi yenye maji zinatosha kabisa kuua.

Tazama vile tunavyofanya. Nyumba kubwa ina kontere na labda disjonkteri moja. Chumba cha nyuma hakina kitu. Tunanunua waya mwembamba, ule wa taa ya kitanda ao wa kipaza sauti, tunauunganisha kwa kusokota na kufunga plastiki, tunaupigilia misumari kwenye mbao, na jioni ampuli inawaka. Tunafurahi. Kwa ampuli moja ya wati 10, waya ule unavumilia. Lakini watu wakianza kuishi mle ndani, hawabaki na ampuli moja. Baridi ya Lubero tunaijua. Inakuja resho, inakuja pasi, inakuja ralonji ya kuchaji simu za majirani.

Tufanye hesabu. Resho ya wati 2,000 inavuta ampea 9 hivi. Ongeza pasi ya wati 1,000 kwenye waya uleule, unakaribia ampea 14. Fundi aliyesoma hutumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba kwa taa, na wa 2.5 kwa prizi. Waya wa 0.75 haukutengenezwa kwa mzigo huo. Unapata moto ndani ya ngozi yake, mahali ulipopinda ao uliposokotwa. Mwanzo hakuna ndimi za moto. Kuna harufu ya plastiki, ukuta wenye joto, ampuli inayopunguza nguvu kila resho inapowashwa. Usiku watu wamelala juu ya nyasi na turubai. Wakaaji wa Kadutu, kule Bukavu, wanaweza kutufundisha: moto ukishika nyumba moja ya mbao, haubishi hodi kwa ya pili.

Kuna kifo kingine, na hiki hakina moshi. Waya ukipita kwenye ukingo wa manjanja, upepo unausugua kila siku. Ngozi yake ikikatika, paa lote linabeba kuran na hakuna anayejua. Mama amefunga waya wa kuanika nguo kwenye msumari wa paa lile. Anashika nguo mbichi, miguu yake iko ndani ya matope. Anaanguka. Hakuna cheche, hakuna alama kubwa, na mtaani watu wanaanza kutafuta mchawi. Mchawi ni waya, na tuliuweka sisi wenyewe.

Tutofautishe pia vifaa. Disjonkteri ya kawaida inalinda waya usiungue. Haitoshi kumlinda mtu anayeshika kuran. Inayomlinda mtu ni ile wanayoita diferansieli ya miliampea 30, inayokata kuran haraka ikiona inapotea kupitia mwili wa mtu. Inafanya kazi vizuri pamoja na waya wa ardhi, yaani fimbo ya chuma iliyopigwa chini na kuunganishwa na prizi. Wengi wetu hatuna hata kimoja kati ya vitu hivyo. Wengine, fuzible ikiungua, wanaweka msumari mahali pake. Msumari hauungui. Badala yake nyumba ndiyo itaungua.

Wenye sola wasidhani hayawahusu. Volti 12 hazimpigi mtu, ni kweli. Lakini nyaya mbili za betri zikigusana, zinaweza kuwasha moto kwa muda mfupi sana. Fuzible ndogo ikae karibu na betri, na betri isikae chini ya kitanda cha watoto.

Nani aangalie?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. SNEL, iliyoanzishwa 1970, ndiyo ilikuwa kuran, na mahali ambapo haikufika hapakuwa na kuran. Sheria namba 14/011 ya 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa wengine, na ikaanzisha ofisi ya taifa ya kusimamia sekta hii, ARE. Leo maji ya Mutwanga, Matebe na Luviro yanazalisha kuran katika Kivu ya Kaskazini, na vijiji ambavyo babu zetu waliviacha gizani vinaona taa. Hilo ni jema na tulilitaka kwa muda mrefu.

Lakini kazi ya muuzaji wa kuran mara nyingi inaishia kwenye kontere. Baada ya kontere ni wewe, fundi wako na Mungu. Ofisi ya urbanisme inatazama ukuta. Muuzaji anatazama malipo. Chefu anatazama mpaka wa parsele. Waya unaotoka nyumba kubwa kwenda nyuma hauna mwenyewe.

Kwa hiyo ninapendekeza tutenganishe mambo haya kwa ngazi tatu, na usultani wetu na wauzaji wa kuran wakae pamoja kuyazungumza.

Ngazi ya kwanza ni banda, jiko ao depo ya miti, udongo ao mbao, isiyo na kuran. Mwenyewe amjulishe chefu wa kijiji, waangalie mahali: mto, mteremko, barabara, mpaka wa jirani. Chefu aandike jina na tarehe katika daftari lake. Pasiwe na malipo yoyote.

Ngazi ya pili ni nyumba ileile ikipata kuran, zaidi sana kama watu wanalala ndani. Hapa pasiwe na ruhusa ya kujenga ya mjini, lakini ukaguzi uwepo. Fundi anayejulikana aandike karatasi moja: waya wa unene gani, disjonkteri gani, waya wa ardhi uko wapi. Muuzaji wa kuran aione kabla ya kuongeza laini, na atume mtu wake atazame kwa macho. Mwenye nyumba akikosea, apewe muda wa kurekebisha. Asitozwe faini siku ya kwanza, na asiambiwe kufukuza watu.

Ngazi ya tatu ni nyumba ya kudumu, ghorofa, mashini ya kusaga, shule, kanisa, kituo cha afya ao vyumba vya kupangisha. Hapo faili kamili iombwe bila kuona haya, sababu watu wengi wanaingia na mwenyewe anapata faida ao anabeba madaraka ya watu.

Ninajua kuna watakaonijibu. Wa kwanza atasema: ukaguzi nao utageuka biashara, fundi atauza sahihi yake. Inawezekana. Dawa yake ni kila mtu kujua kinachokaguliwa. Orodha ikisomwa redioni kila wiki, ikabandikwa kanisani na kwenye butike zinazouza kuran, mwenye nyumba atajua kama fundi amepanda juu ya paa ao amesaini akiwa mlangoni.

Wa pili atasema: maskini hana feza ya disjonkteri. Ninamwelewa. Lakini disjonkteri haifikii bei ya mbuzi mmoja, na mbuzi tunamchinja tukipata msiba. Tena, mashirika yanayogawa turubai na sabuni kwa wahami yanaweza kuongeza kitu kimoja kwa kila parsele iliyopokea familia: disjonkteri, mita chache za waya mzuri, na siku moja ya fundi. Hapo mwenye nyumba naye ataona kwamba kupokea watu hakukumletea hasara tu.

Wa tatu, naye ni mtu wa serikali, atasema: tukiacha mabanda bila ruhusa, vijiji vitakua ovyo, kesho vitakuwa miji bila barabara. Ana haki kwa sehemu. Ndiyo maana daftari la chefu ni la lazima katika ngazi ya kwanza. Serikali ikitaka kujua nani amejenga wapi, daftari lile litaipa habari nyingi, kwa sababu watu hawajifichi mbele ya mtu asiyewaomba feza.

Cha kufanya jioni hii

Tukisubiri wakubwa wakubaliane, watu wanalala. Kwa hiyo wewe uliyepokea familia, na wewe uliyepokelewa, angalieni mambo matano pamoja.

Pita na mkono karibu na waya, bila kuushika, wakati resho inawaka. Ukisikia joto ao harufu ya plastiki, zima kwenye kontere.

Angalia mahali waya unapoingia chini ya manjanja. Usiguse chuma. Kuran ikiwa imezimwa, uwekewe bomba la plastiki ili usisuguliwe.

Ondoa kamba ya chuma ya kuanika nguo kwenye paa. Weka ya nailoni, kwenye miti miwili iliyo mbali na nyumba.

Resho na pasi zisiwashwe kwenye ralonji, wala kwenye waya wa taa. Kama hakuna prizi ya kweli, pikeni kwa makala, nje ya chumba cha kulala, sababu moshi wa makala ndani ya chumba kilichofungwa unaua pia.

Kila mtu mzima, na kila mtoto anayeweza kufikia, ajue mahali kuran inapozimwa. Mtu akishikwa, usimvute kwa mkono. Zima kwanza.

Ninajua mgeni anaona haya kumwambia mwenye nyumba kwamba waya wake unanuka. Anaogopa ataonekana kama mtu asiye na shukrani. Mama, usinyamaze. Mwambie hivi: "Baba, tunaomba tuangalie waya pamoja, hata watoto wako wanacheza humu." Na wewe baba mwenye nyumba, usikasirike. Anayekuonyesha waya mbaya anailinda nyumba yako pia.

Kwa viongozi wetu wa usultani, na kwa wauzaji wa kuran, ombi langu ni fupi. Semeni wazi, kwa maandishi, banda gani linahitaji ruhusa na gani halihitaji, na bei yake kama ipo. Mkishaandika, leteni karatasi hiyo redioni. Tutaisoma kwa Kiswahili na kwa Kinande, asubuhi na jioni, ili yeyote atakayekuja na daftari akute watu wanajua.